Mnyororo Uliokata Matopeni

Yusufu mjukuu wangu, huna adabu. Unaniuliza mnyororo gani wa msumeno wa mota ni bora, na barua hiyo hiyo inasema umeshanunua ule wa meno ya pembe kali, kwa sababu dukani ulikata haraka. Salamu nimezipokea. Sisi hapa Biryogo tuko wazima, baba yako anashona, magoti yangu tu ndiyo yanalalamika.

Hata babu yako aliijaribu minyororo ya aina mbili uani, kama huo wako na wa meno ya mviringo, kwenye gogo safi la mkaratusi. Wa meno ya pembe ukaushinda ule wa mviringo. Akasema, "Huu unakula mti kama mkate," akauacha kwenye msumeno.

Wiki ile mvua iliangusha mkaratusi juu ya nyumba ya dada yangu Zaina, kule mtaa wa Nyakabanda. Ukuta wa udongo ukabomoka, matope yakalifunika gogo, na yeye yuko chini yake. Ule mnyororo wa mbio uligusa matope ukawa butu, ukabaki kutoa moshi. Zaina akaita, "Shemeji, umelala?"

Babu yako akafunga ule wa mviringo. Sisi wanawake tukaleta mabirika ya udhu, tukaliosha gogo polepole kama tunavyoosha maiti, na mtu wetu yuko hai. Mnyororo ulikwenda taratibu, lakini haukusimama mpaka Zaina akatoka. Ndiye aliyemlea mama yako.

Magogo yako wewe yanaburutwa matopeni. Kesho rudisha huo mnyororo, chukua wa mviringo, na usiwashe msumeno kabla hujaosha gogo.