Fidla ya Kadzo redioni

Jumamosi jioni, Timbwani

Redio haina macho, na hilo sikuweza kumweleza mwanangu Katana.

"Baba, na nyonga hiyo utavuka feri vipi? Konsati inarushwa moja kwa moja. Utasikia vizuri kuliko sisi ukumbini." Wakaenda wote, na ufunguo wakaenda nao, nisije nikajaribu ngazi.

Sauti ilikuwa safi kweli. Lakini fidla zilikuwa kumi na mbili, na moja ni ya mjukuu wangu Kadzo, siku yake ya kwanza na okestra. Ukumbini unamtazama mpigaji mmoja, na sikio huufuata mkono wake mpaka likaipata sauti yake. Redioni zote ni fidla moja kubwa. Nilibana sikio kwenye spika saa nzima nikimtafuta.

Naogopa ndivyo nitakavyompata siku zote sasa, kwa redio tu, bila kumwona.

Baadaye Kadzo akapiga simu. "Shikamoo, babu. Nilikosea kule mwisho. Ulinisikia?"

"Marahaba. Sikukusikia, mama."

Akacheka kwa furaha. "Babu nawe, wanidanganya nisilie."

Nikamwacha aamini hivyo.