Lile Gari Dogo Jeupe

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Saa nne mfungulie fundi bomba, sinki la jikoni linavuja tena. ~~Gari unalolitaka lisahau.~~ Hapana, hilo nimelifuta.

Jana asubuhi nilipokuambia uchukue lile gari dogo jeupe, ulisema, "Baba, mimi si kaka. Usinizike kabla sijafa." Nikatoka. Sikukasirika. Nililia pale kwenye ngazi mpaka jirani akaniuliza kama nimeanguka.

Kaka yako alipopata leseni, gari lile la mbio nilimchagulia mimi, maana nilitaka watu wamwone mwanangu. Hakumaliza nalo miezi miwili, tukamzika. Mama yako anadhani alijichagulia mwenyewe, nami nimemwacha adhani hivyo miaka yote hii.

Nimekwenda na fundi magari, akague breki, matairi na mikanda ya lile jeupe. Ukilikataa, sitanuna. Ila ukilichukua, wiki ya kwanza nikae pembeni yako, kimya. Ndiyo, kimya, usicheke.

Mama akirudi kutoka kazini jioni nitamwambia ukweli. Uwepo, tafadhali. Peke yangu sitaweza.

Baba yenu