Mama Aliwahoji Walionihoji

Mpendwa Bi Sihem wa redio, pokea salamu kutoka Kef, ambako baridi ya mwaka huu imetuingia mpaka kwenye meno, nami naomba msaada wako kabla sijapoteza kazi na mama kwa mpigo mmoja, maana mama hasemi nami leo siku ya nne, na kazi inataka jibu Jumatatu.

Naitwa Wassila, nina miaka thelathini na sita, ni mchoraji wa ramani za majengo, na kwa miaka tisa nimekuwa katika ofisi moja ya wasanifu huko Tunis, ofisi ya Bwana Nizar, mtu mwema ambaye hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja, na hilo ndilo linalonitesa, kwa sababu bosi mkorofi utamchukia roho yako itulie, lakini huyu mwema utamfanya nini? Miaka minne iliyopita mama yangu, Mama Mabrouka, aliteleza uani akavunjika nyonga, na kwa kuwa baba alishatangulia mbele ya haki na dada zangu wote wameolewa mbali, nilimwomba Bwana Nizar niwe nachorea nyumbani, akaniambia, "Nenda binti yangu, mama ni mmoja, kompyuta ziko nyingi," nikatoka ofisini kwake nalia kwa furaha.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, Bi Sihem, walikuwa wananipigia kila siku, kisha ikawa kila wiki, kisha ikawa pale tu kitu kinapoharibika. Wenzangu wanakunywa kahawa kwenye korido na hapo hapo mlango wa jengo unahamishwa kutoka mashariki kwenda kusini, mimi naambiwa kesho yake, "Aa, Wassila, tulisahau kukwambia, chora upya." Kwenye vikao wananiweka kwenye simu, simu wanailaza juu ya mafaili, nasikia vijiko vikigonga vikombe na mtu akicheka, na ninapotaka kusema neno kikao kimeshavunjika. Nilichora soko zima la mboga kuanzia msingi mpaka paa, siku ya kulifungua wakapiga picha, mimi nikaiona picha. Na mwezi uliopita cheo cha mkuu wa wachoraji kilitolewa, akapewa Anis, kijana niliyemfundisha mimi kuchora ngazi, kwa simu, miezi mitatu. Anis mwenyewe alinipigia akasema, "Dada Wassila, naona aibu, wallahi. Mimi nilijua ni wewe." Nikamwambia hongera, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Hapa niungame: Bwana Nizar sikumwuliza chochote. Nilinuna kimyakimya, nikatafuta kazi kwingine, nikaitwa kwenye usaili na ofisi moja ya Sousse, nao wakasema hawahitaji nisafiri, tutaonana kwenye kompyuta.

Nyumba yetu ni ya zamani, kuta zake za mawe ni nene hivi kwamba mtandao unashika dirishani jikoni tu, na jikoni ndipo mama anaposhinda kwa sababu ya joto la jiko, basi nikamsihi, "Mama, leo tafadhali usiseme kitu," akaapa kwa kaburi la baba, akakaa nyuma yangu na beseni lake la njegere anamenya. Wakatokea kwenye kioo cha kompyuta Bwana Lotfi, mkurugenzi, na Bi Hayet, mkuu wa wachoraji wao. Waliniuliza maswali nusu saa nzima na mimi nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yananiuma. Naweza kupatikana baada ya saa za kazi? Bila shaka. Hata Jumapili? Hakuna shida. Kamera iwe imewashwa siku nzima? Sawa tu. Nikasikia njegere zimeacha kudondoka kwenye beseni. Bwana Lotfi akasema, "Utatupenda, Bi Wassila. Sisi hapa ni familia moja."

"Familia?" Sauti ikatoka nyuma yangu. "Familia ya namna gani, mwanangu?"

Nikafumba macho. Bwana Lotfi akauliza, "Nani huyo?"

"Mama yake. Nisikilize, mwanangu. Mabinti zangu watatu wameposwa hapa hapa jikoni, na kila mposaji aliapa kwamba nyumba yake haina matatizo. Nilikuwa nawauliza, wewe ukikasirika unafanyaje? Anayebabaika nampa kahawa na njia ya kurudi kwao. Sasa nakuuliza wewe. Mna watu wangapi wanaofanya kazi mbali kama huyu wangu?"

"Sita, Mama."

"Na katika hao sita, nani ameshapandishwa cheo?"

Bwana Lotfi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kusema kweli, Mama, hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Haya. Angalau wewe husemi uongo. Na huyo dada anayecheka pembeni ni nani?"

Alikuwa Bi Hayet, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya skafu. Mimi niliomba radhi mara tano kwa pumzi moja nikaifunga kompyuta kwa kiganja, kisha nikamgeukia mama yangu mzazi nikamwambia neno ambalo laiti ningelimeza. Nilimwambia, "Umevunjika wewe, lakini kilema nimekuwa mimi!"

Aliweka beseni chini, akachukua fimbo yake, akaenda chumbani kwake hatua moja moja, na nilipotaka kumshika mkono akauondoa. Tangu siku hiyo anazungumza nami kupitia jirani yetu, Bi Dalenda: "Dalenda, mwambie huyo mchoraji dawa zimekwisha." Na mimi nipo pale pale, nasikia.

La ajabu, kesho yake Bi Hayet aliniandikia kwamba kazi nimepata, akaongeza, "Mama yako tumempenda pia." Sasa sijui nishike lipi. Niende kwa watu waliokiri kwamba kwao wa mbali hapandi? Nibaki kwa mwema anayenisahau? Na mama nimwendee vipi? Nisaidie.

Wassila, Kef

*

Wassila mwanangu,

Barua yako nimeisoma redioni mbele ya fundi mitambo wetu, mzee mwenye roho ngumu, akaniomba nirudie pale pa njegere. Nimekuhurumia. Sasa kaa chini nikugombeze.

Wewe ulikwenda kwenye usaili kama mtu anayeomba hifadhi. Bila shaka, hakuna shida, sawa tu! Jumapili yako umeigawa, macho ya watu umeyakaribisha jikoni kwenu kutwa nzima, na hujauliza hata swali moja. Mwenye kazi anakupima wewe, naye nani anampima? Ungeingia nyumba ile umefumba macho, na baada ya miaka minne ungeniandikia barua hii hii yenye majina mengine. Mama yako mwenye fimbo alifanya kazi ambayo wewe mwenye miguu miwili uliiogopa. Alikosea mahali: kwenye kikao chako hakualikwa, na hilo unaweza kumwambia siku moja, kwa upole. Lakini si leo. Leo una deni la maneno.

Kwa hiyo anza naye. Usinunue zawadi, usimtume Dalenda, usilie kabla hujasema, maana ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza na neno litabaki halijaondolewa. Ingia chumbani, kaa mahali anapokuona uso, litaje lile neno kama ulivyolisema, kisha sema: nilikosa. Usiweke "lakini."

Pili, Bwana Nizar. Hapa nakugombeza zaidi. Mtu huyu amekukosea, sibishi. Anayechorea Kef na anayechorea Tunis wapimwe kwa mchoro, si kwa nani alionekana kwenye kahawa. Lakini wewe umemnunia kwa kimya, na kimya hakisikiki mpaka Tunis. Kabla hujaondoka mpigie simu, umwambie yote, lile soko, simu iliyolazwa juu ya mafaili, cheo. Msikilize anajibu nini. Wema wa mtu ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine. Nimewahi kuwa na bosi aliyeniletea supu nilipougua na akampa mwingine kipindi changu wiki hiyo hiyo, kwa nia njema kabisa. Supu niliinywa. Kipindi nilikidai.

Tatu, hawa wa Sousse. Mtu aliyesema "hata mmoja" mbele ya mama mkali jikoni ana kitu ndani yake, lakini ukweli peke yake haupandishi mtu cheo. Warudie. Waambie hivi: kabla sijatia saini, nataka kuzungumza na mmoja wa wale sita, bila bosi kuwepo. Wakikataa, asante, kwaheri. Wakikubali, muulize huyo mwenzako mambo madogo madogo, kwa sababu kwenye makubwa kila mtu ana jibu zuri. Kikao kinaanzaje? Mtandao ukikatika, nani anakutafuta? Ulipofiwa au ulipougua ilikuwaje? Habari za ofisi unazipata lini? Kisha mrudie Bwana Lotfi umwulize nani atapima kazi yako na kwa kipimo gani, na nafasi ikitokea utaijuaje. Jumapili irudishe mfukoni mwako na kamera uizime wakati hakuna kikao. Umesema ndiyo mara moja. Hakuna sheria inayokukataza kusema nimefikiri tena. Yote hayo yaandikwe. Mwajiri anayeudhiwa na maswali kabla hujaingia, ukishaingia atakuonaje?

Na Jumatatu si kiama. Omba wiki moja. Wakikupenda wewe na mama yako, wataisubiri.

Bi Sihem

*

Wiki sita baadaye Wassila aliniandikia tena. Ameniruhusu niyaweke maneno yake hapa.

Bi Sihem, nilianza na mama kama ulivyoniamuru. Nililitaja lile neno lote, nikasema nilikosa, nikafunga mdomo. Akasema, "Limeniuma, sitakudanganya. Nilikaa siku zote hizi najiuliza kama ni kweli." Nikamwambia si kweli. "Basi nisugue mgongo," akasema, "huyu Dalenda mikono yake baridi kama ya maiti."

Bwana Nizar nilimpigia asubuhi yake. Nilimwambia yote. Akasema, "Mimi nilidhani hutaki, binti yangu. Una mgonjwa. Nilikuwa nakuonea huruma, sikutaka kukubebesha." Nikamwambia, "Ungeniuliza." Akasema, "Kweli, ningekuuliza." Nilisubiri. Akamalizia, "Basi ukirudi Tunis tutaliangalia." Hapo nikapata jibu langu, wala sikuwa na hasira tena, nilihuzunika tu. Aliniandikia barua ya sifa kwa mkono wake, ukurasa mzima, na soko lile amelitaja kuwa ni langu. Tuliagana tunalia wote wawili.

Wa Sousse walinipa namba ya Mourad, mchoraji anayekaa Gabes. Alinieleza, "Watu ni wazuri, mishahara haichelewi, nilipofiwa na baba walikuja kwa basi mpaka huku. Lakini vikaoni wanajifungia chumba kimoja, sisi tunatazama migongo yao kwenye kioo. Uamuzi tunausikia kama tangazo la msiba." Nilimwuliza kama aliwahi kuwaambia. Akacheka kidogo. "Mimi? Nani angeniuliza?"

Nikayapeleka hayo kwa Bi Hayet na Bwana Lotfi, kwa idhini ya Mourad. Bwana Lotfi alichukia kidogo, nilimwona, akasema ofisi yake haijawahi kumbagua mtu. Bi Hayet akamwambia, "Lotfi, hata mmoja. Ulisema mwenyewe." Siku tatu hawakuandika, na mimi nilikuwa nimeshajiambia kwamba kazi nimeikosa. Siku ya nne mkataba ukaja upya: kazi yangu itapimwa kwa ramani ninazotoa, cheo kikitokea watangaziwe wote siku moja, Jumapili ni yangu. Na kwenye vikao kila mtu awe kwenye kompyuta yake, hata wale wanaokaa mlango kwa mlango. Nikatia saini.

Jana ilikuwa siku ya kikao changu cha kwanza. Nyuso tisa zenye ukubwa sawa, Mourad mmojawapo, na jambo lililokuwa mezani ni ngazi za shule fulani. Walibishana kidogo, kisha Bi Hayet akasema, "Wassila, wewe unaonaje?" Bi Sihem, kwa miaka minne hakuna aliyeniuliza hivyo. Nilisogea karibu zaidi na dirisha, mtandao usije ukanikatikia. Kisha nikawaambia ngazi ile ni nyembamba mno, watoto wataumia. Na ngazi ikapanuliwa.