Maelezo ya Shahidi Kuhusu Lori Lililotoka Kabla ya Kuingia

Jina: Sharlyne Apeduno
Umri: miaka 18
Kazi: nimemaliza kidato cha nne, najifunza kazi katika ofisi ya yadi ya malori
Makao: kwa shangazi yangu, Malaba

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naomba radhi kwa sauti yangu ndogo. Koplo Among ameniambia mara mbili niipandishe, na hapa ndipo imefika.

Mnamo Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mlinzi wetu, Mzee Josiah Okwakol, alimfungulia lango dereva Ejoku, mwenye lori la mayai. Sheria ya yadi ni kwamba aliyetangulia kuingia ndiye hutangulia kutoka. Niliandika saa ya kutoka kwa mkono wangu kwenye Excel. Ejoku alimwambia mzee, "Asante, boss. Ningekaa tena hapa ningeendesha kuku."

Saa nne na robo, dereva wa nyanya, Emorut, aliingia ofisini akilalamika kwamba amerukwa. Msimamizi wetu, Paulinus, alichapisha orodha. Ilionyesha kwamba Ejoku aliingia saa nne na robo, na alitoka saa tatu na dakika arobaini.

Emorut alisema, "Kumbe ametoka kabla hajaingia! Mzee, umekunywa chai ya nani?"

Mzee Josiah alijibu, "Chai gani? Tangu asubuhi sijaona hata ya rangi."

Alisema Ejoku aliingia Jumatatu jioni na yeye mwenyewe alimwona. Paulinus alisema kompyuta haina ndugu wala shemeji, kwa hivyo haiwezi kudanganya. Polisi waliitwa, na mzee akachukuliwa kwa kosa la kula hongo. Niliambiwa angepelekwa kortini kesho yake mchana, yaani leo. Sikula chakula cha jioni.

Kabla ya kufunga ofisi niliiangalia tena ile orodha. Malori yote yalikuwa yameingia dakika ileile, hata lile lisilo na gurudumu ambalo limekaa kwetu tangu Krismasi. Nilibofya kisanduku cha saa ya kuingia nikakuta fomula inayoitwa NOW, yaani sasa. Mwalimu wetu wa kompyuta huziita fomula zisizotulia. Ukifungua faili au ukibadilisha kisanduku chochote, zinajihesabu upya. Nilimwambia Paulinus. Alisema aliiweka ili nisichoke kuandika.

Leo tarehe 12 Machi tumekuja hapa kituoni na kompyuta. Koplo Among aliniuliza, "Kompyuta yenu inasema lori la Ejoku liliingia lini?"

Nilijibu, "Sasa."

Akasema, "Poa." Kisha akakunja uso. "Binti, sikukuita tusalimiane. Liliingia lini?"

"Sasa, afande."

Paulinus alifungua kompyuta kabla sijaanza kulia. Lori la Ejoku lilikuwa limeingia Malaba leo, saa tano na dakika tano. Koplo alitazama saa ya ukutani, na ilikuwa saa tano na dakika tano. Alimpigia Ejoku simu, akaweka sauti ya juu. Ejoku alisema yuko Nakuru anakunywa uji, na kwamba Jumatatu alilala kwenye yadi yetu. Blanketi ya Mzee Josiah bado iko naye, anaomba asisemwe vibaya, atairudisha.

Mzee Josiah aliita kutoka seli, "Sharlyne, mwanangu, hebu waulize. Na mimi wameandika nimeingia sasa?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Koplo, ambaye alitoka nje kwanza.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa nikayakubali, na nimeyasema kwa sauti niliyo nayo.

Sahihi: S. Apeduno

Maandishi ya afisa: Nimeyachukua maelezo haya mimi, Koplo P. Among. Mtuhumiwa ameachiliwa sasa, yaani tarehe 12 Machi 2025, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Saa hii imeandikwa kwa kalamu.