Mama Kwenye Kioo cha Mpiga Picha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Natumaini hamjambo, na kile kikohozi cha kitinda mimba wako kimemwachia. Huku mimi ni mzima. Nyumba bado ni kubwa mno bila Mama, ila nimeanza kupata usingizi.

Jumanne nilikwenda posta kukutumia zile nguo zake ulizoomba. Foleni ilikuwa ndefu. Ukutani, kati ya dirisha la stempu na masanduku ya barua, walikuwa wametundika picha kubwa za mitindo ya zamani, nyeusi na nyeupe: wasichana wenye magauni yaliyobana kiunoni, kofia pana, viatu vya kisigino kirefu. Nikajikuta nimesogea kukagua mishono, kama alivyotuzoesha Mama. Bwana mmoja nyuma yangu akauliza kama nimekuja kupanga foleni au kutafuta mchumba, maana hao wote sasa ni mabibi wa watu. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka hivyo lini.

Kwenye picha ya mwisho kicheko kikakatika. Msichana amesimama mbele ya pazia, gauni limemkaa utadhani amezaliwa nalo. Lakini pembeni kuna kioo cha kabati, na ndani ya kioo anaonekana mtu aliyejificha nyuma ya pazia, amekusanya kitambaa kilichozidi mgongoni na kukishika kwa ngumi. Pini mdomoni. Kastabini ya kushonea ameivaa kidole cha pete badala ya cha kati. Dada, nani mwingine alikuwa na kidole cha kati kilichopinda hivyo?

Msimamizi wa maonyesho, binti wa marehemu mpiga picha, aliponiona nimeganda akaja kunieleza. Gauni lilikuwa kubwa kwa yule msichana, ikabidi fundi alishike kwa nyuma, na baba yake akasahau kioo. Mwenye duka la nguo aliyeagiza picha akaikataa, na kwao wakaiita picha iliyoharibika. Nikamwambia fundi huyo ni mama yetu, ambaye akiona kamera alikuwa anakimbilia jikoni, hadi sisi tumebaki na ile ya kitambulisho tu. Akaniitia kiti, akaniahidi nakala.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kwenye kile kiti. Uliniandikia kwamba kinachokuuma, kuliko hata kukosa mazishi, ni kuwa huna picha hata moja ukiwa na Mama. Chini ya ile picha wameandika mwezi na mwaka. Ni mwezi mmoja kabla hujazaliwa. Kwenye kioo Mama amesimama kiubavu, aproni imeinuka juu ya tumbo, na mkono usioshika gauni umelitegemeza. Ana pini mdomoni, lakini macho yanacheka.

Kwa hiyo mzigo sikuutuma siku ile. Unakuja nyuma ya barua hii, na nakala yako nimeilaza ndani ya gauni la bluu isije ikakunjika. Tafuta pa kukaa kabla hujaifungua.

Wabusu watoto, na umwambie shemeji, anayetutania kwa kukagua nguo za watu, kwamba mshono wa kiuno wa lile gauni la pichani nimeukagua: umenyooka.

Ni mimi mdogo wako, ambaye tangu nimeze kile cha koti la Baba hujaacha kuniita

Kifungo