Ufa wa Kichwa cha Treni cha Babu

Nyumbani kwa Babu,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti ulilomwandikia Baba sasa linakuruhusu kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi tu, halafu anasahau kukohoa akipata mtu wa kumgombeza. Babu ni mzima wa mwili. Habari zake nyingine ndizo zilizonifanya nikuandikie, nami nitazifikia taratibu, maana nikianza nazo nitakosa ujasiri wa kumaliza.

Asante kwa kitabu cha mashine. Nimekisoma mpaka ukurasa wa magurudumu ya meno umechomoka. Kitabu hicho ndicho kilichoniponza. Mwalimu wa fizikia alitutaka kila mmoja aandike jinsi kitu fulani kinavyotengenezwa, baada ya kukiona kwa macho. Wenzangu walichagua mkate na matofali. Mimi nilichagua vichwa vya treni vya mfano, kwa sababu karakana aliyofanyia kazi Babu bado ipo, na kwa sababu kile cha kabatini nimekitazama kupitia kioo tangu nikiwa na miaka minne.

Unajua nilivyo mbele ya watu nisiowafahamu. Nilisimama mlangoni pa karakana mpaka msimamizi akanifuata mwenyewe. Ni mama mfupi, mfukoni mwa koti lake hamkosi rula ya chuma, ndiyo maana wafanyakazi wanamwita Mama Rula. Alilitazama daftari langu akasema, "Profesa, ingia. Ukiendelea kusimama hapo tutakupaka rangi." Nilikwenda siku tatu, na hakuna aliyeniita jina jingine.

Nilidhani kitu kidogo ni rahisi kutengeneza kuliko kikubwa. Sivyo. Fundi anachonga kalibu ya chuma kigumu, pande mbili zinazofumbatana, na ndani yake kuna kila ribiti, ile misumari ya kuungia mabati, ya treni ya kweli, ndogo kama punje ya mchanga. Zinki iliyoyeyushwa inasukumwa humo kwa nguvu, inaganda kabla hujapepesa macho, kisha kalibu inafunguka na bodi linatoka likiwa bado la moto. Pembeni linakuwa na mapezi membamba, pale zinki ilipojipenyeza. Kuna dada ambaye kazi yake ni kuyapiga tupa mapezi hayo tu. Kalibu ikianza kuchakaa mapezi yanakuwa mengi, na vidole vyake vinajua kabla ya vipimo.

Kwenye chumba cha rangi nilikaa nusu siku. Rangi ikiwa nzito inazimeza ribiti zote, ikiwa nyepesi kona zinabaki uchi. Humo hakuna anayeruhusiwa kuvaa sweta, kwa ajili ya nyuzi. Kaka mmoja aliisahau yake mwilini, na mwenzake akamwambia, "Leo tunatengeneza treni zenye manyoya. Tutaziuza kama paka."

Mwisho wanatia mota na gia, wanakiweka kichwa kwenye reli ya majaribio, na hawakiendeshi kasi. "Kwenda mbio hata kibovu kinaweza," Mama Rula aliniambia. "Mimi nataka kitambae." Gia zikibanana kinalia. Tone la mafuta likizidi, vumbi linaganda. Na uzito wa ndani usipokaa vizuri juu ya magurudumu, kinateleza palepale bila kuvuta hata behewa moja.

Uzito huo ndio ulionifikisha kwenye jambo lenyewe. Kitambo walikuwa wanabandika vipande vya risasi ndani ya bodi, ile metali laini na nzito. Siku hizi wanatumia chuma. Niliuliza kwa nini. Mama Rula alinipeleka stoo na kushusha maboksi matatu kutoka rafu ya juu. Yalikuwa bado yamefungwa kwa gundi ya kiwandani. Aliyafungua mbele yangu.

Vichwa vyote vitatu vilikuwa vimepasuka, Baba Mdogo. Ufa ulianzia chini ya bomba la moshi, ukashuka ubavuni mpaka gurudumu la pili, sawasawa na ule wa kile cha kabatini.

Alinieleza hivi. Zamani bodi lenye kasoro lilirudishwa kwenye sufuria ya kuyeyushia, ili kisipotee kitu. Lakini mengine yalirudishwa uzito wa risasi ukiwa bado ndani. Zinki haipatani na risasi, hata risasi ikiwa kidogo sana. Bodi linatoka zuri, linapakwa rangi, linauzwa, halafu miaka inavyopita linavimba kwa ndani na kupasuka lenyewe, hasa mahali penye unyevu. "Hapa sasa mtu akirudisha kitu kwenye sufuria bila kuniambia, tunakosana," alisema. Kisha akaniuliza kwa nini nimeacha kuandika.

Wewe unajua yaliyotokea vizuri kuliko mimi. Nitayaandika nilivyoyasikia, unisahihishe. Kwamba kile cha kabatini Babu alikimimina kwa mkono wake na kupewa siku aliyostaafu. Kwamba alirudi kutoka safari akakikuta kimepasuka, na aliyekuwa nyumbani ni wewe peke yako. Ulisema hukukigusa. Akasema mwongo ni mbaya kuliko mwizi, akalifunga kabati, akakigeuza ufa utazame sebuleni ili kila mgeni auone. Ukaondoka mwezi uleule. Ni miaka kumi na miwili sasa, nawe unamwandikia Baba na mimi tu.

Mama Rula alinipa kimoja kati ya vile vitatu. Nilikibeba nyumbani ndani ya begi la shule, na kwa siku nne sikukitoa. Nilijua kinasema nini. Kinasema hukukosa. Lakini kinasema pia aliyekosa ni nani, maana kwenye ile sufuria, miaka yote ile, alisimama mtu mmoja. Babu husimulia mpaka leo kwamba mikononi mwake haikupotea hata chembe ya zinki.

Alhamisi nilimkuta sebuleni na redio yake. Nilikiweka mezani tu, mbele yake. Alikigeuza, akaupitisha ukucha kwenye ufa kuanzia kwenye bomba mpaka gurudumu la pili. Akazima redio.

"Na hiki kiliangushwa na nani?"

"Hakuna, Babu. Kilikuwa ndani ya boksi lililofungwa. Viko vingine viwili."

Nikamweleza habari ya risasi, nikitazama sakafu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza jambo moja tu, namba ya mwaka wa kumiminwa iliyopigwa chini ya bodi, nami nikamsomea kwa sababu miwani hakuwa nayo. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeitwa jina lake mahali asipotarajia.

Ijumaa hakuzungumza. Jumamosi vilevile. Bibi alimwambia, "Kama meno yamekwisha useme, nikupikie uji." Hakucheka. Mimi nilijuta. Nilifikiri pengine mtu wa umri wake angeachiwa sufuria yake kama anavyoikumbuka. Halafu nilikukumbuka wewe, nikaacha kujuta, kisha nikaanza tena.

Leo asubuhi aliniita nilete kalamu. Alitaka nikuandikie kwa niaba yake. Alianza, "Mwambie imegundulika kwamba metali za wakati ule zilikuwa na matatizo." Niliandika. Akanitaka nisome, akasema futa. Mara ya pili akasema karakana haikuwaelekeza vizuri. Futa. Mara ya tatu aliniambia, "Wewe ndiye msomi. Tafuta maneno."

Nilimwambia, kwa adabu, kwamba mengine yote nitaandika mimi, lakini hayo siyawezi. Sijawahi kumkatalia Babu kitu. Alinitazama, kisha akasema nimwachie nafasi chini ya ukurasa.

Sijui ataandika nini, au kama ataandika. Akiiacha tupu nitaituma hivyohivyo, ujue kwamba nafasi ilikuwepo.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Bibi anasema ule, na kwamba goti linahitaji kukandwa, si vidonge. Msalimie shangazi wa huko aliyekushonea koti. Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe usingizi mzuri.

Ni mimi mwanao, nikupendaye ingawa uso wako naukumbuka kidogo tu,

Profesa.

Mwanangu,
Hukukiangusha. Sufuria ilikuwa yangu, na risasi niliirudisha mimi, nikijua imo. Nimevifungia vichwa vyote viwili kabatini. Ufunguo umo humu kwenye bahasha, na mwingine sina. Uje nao.
Baba yako.