Shemeji Anawachezesha Watu Mieleka, Binti Yangu Kanihama

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi kwa sababu nikiendelea kunyamaza nitapasuka. Mimi ni kocha wa mieleka, nafundisha kama nilivyofundishwa, yaani hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwenzako anasimama katulia anakutolea mkono, mnarudia mpaka jasho linawatoka na hakuna wa kubishana, sasa nikafanya kosa la kumkaribisha shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, awafundishe wanaoanza, basi mwenzangu hafundishi kitu, anagawa michezo tu, eti wewe uliye chini kazi yako kuinuka, wewe uliye juu kazi yako kumzuia, haya anzeni, wakizoea anaongeza sharti, mara mkono mmoja tu, mara bila kutoka kwenye duara, watu wazima na ndevu zao wanagaagaa na kucheka, nikimuuliza mbinu ziko wapi ananijibu, "Shemeji, wanazitafuta wenyewe." Wanazitafuta! Kwani zimepotea?

Ningevumilia, lakini juzi binti yangu, niliyemfundisha kwa mikono yangu, kaingia mashindanoni, mpinzani akawa anarukaruka hataki kutulia, binti akamwambia mbele ya watu wote, "Nipe mkono wa kulia, siyo huo." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, naye akaangushwa akiwa bado anausubiri. Alilia njia nzima. Kesho yake akahamia darasa la mama yake mdogo, shemeji huyo huyo, nami nikamwambia akiendelea na upuuzi huo asiniite baba, na kweli haniiti, ananipita sebuleni kama kabati. Nimfukuze shemeji, au nimpige marufuku binti?

Kocha Asiye na Mchezo

*

Kocha Asiye na Mchezo, pole. Pole sana, maana huyo mpinzani hana adabu hata kidogo, mtu anakujaje mashindanoni bila kujua zamu yake ya kuanguka?

Haya, unasema shemeji hafundishi kitu. Ampe mtu kazi ya kuinuka, amtafutie wa kumzuia kwelikweli, aongeze sharti wakizoea, alegeze wakikwama, halafu huo uwe uvivu? Baba wewe, hiyo ndiyo kazi yenyewe! Wanafunzi wako wanajua kumwangusha mtu aliyekwisha kubali kuanguka. Hata mimi na magoti yangu haya mabovu naweza.

Na usinizungushe kuhusu kilichokuuma. Maneno yaliyochekwa ukumbini yalikuwa yako, aliyechekwa ni mtoto. Yeye kalia, wewe ukanuna, kisha juu ya hayo ukamnyang'anya na baba. Hongera, mzee, hapo umeshinda.

Sasa nisikilize. Shemeji humfukuzi, wala binti humpigi marufuku. Nenda kwenye darasa la shemeji, ulale chini kama wanaoanza wenzako, akupe mtu wa kukuzuia, ujaribu kuinuka. Utahema, utaaibika kidogo, na itakufaa. Lakini kabla ya hayo, leo hii, kagonge mlango wa binti yako umwambie kwamba ulikosea na kwamba wewe bado ni baba yake. Akinuna, kaa hapo hapo. Akikufokea, sikiliza. Akikufungia mlango, rudi kesho. Na tafadhali, usimpangie cha kukujibu.